Subiri Mlima Umalize

"Hii ni Ofisi ya Mji wa Hinosawa," alisema Chigusa, na papo hapo damu ikamwisha usoni.

Hakuwa ofisini. Alikuwa ndani ya kigari cheupe cha mizigo alichoachiwa na marehemu baba yake, kimeegeshwa kwenye banda la mpunga, vioo vimepandishwa, blanketi limetandazwa juu ya dashibodi ili sauti isirukeruke. Simu aliibana kwenye usukani. Upande wa pili wa simu ile walikuwa wamekaa watu wengi kuliko wakazi wote wa Hinosawa, walio hai pamoja na walio makaburini, wakimsubiri mwimbaji waliyemjua kwa jina la Shijimi. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaimbia moja kwa moja. Kwa miaka mitatu alikuwa akirekodi kwanza, anasikiliza, anarekebisha, ndipo anauweka wimbo mtandaoni. Hakuna aliyewahi kuiona sura yake wala kujua anatoka pembe gani ya Japani. Walichoona ni picha ya bakuli la shijimi, wale kombe wadogo weusi wa supu ya asubuhi.

Angejikohoza tu akaendelea, watu wangedhani ni utani. Lakini mdomo ukishazoea kitu huwa hauna breki.

"Narudia," alisema. "Hii ni Ofisi ya Mji wa Hinosawa."

Naam, alirudia! Kila nikifika hapa mimi hucheka mpaka mbavu zikaniuma, na siku hizi hata mwenyewe anacheka. Jumapili ile hakucheka. Alikodolea macho kioo cha simu huku maneno ya wasikilizaji yakipanda mbiombio. Hinosawa ndiko wapi? Ofisi gani tena? Shijimi ni mtumishi wa serikali? Halafu mmoja akaandika: "Jamani, mimi nimekulia bonde la jirani. Sauti hii naijua! Ndiyo inayotutangaziaga dubu!"

Mtu mwingine angezima simu akajifunika lile blanketi. Chigusa alivuta pumzi, akarudisha nywele nyuma ya masikio, akaimba nyimbo zote alizokuwa amepanga kuimba, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata ubeti. Alipomaliza alisema asanteni, akashuka garini, akaenda kumsaidia mama yake kumenya figili. Ndivyo alivyo huyo binti. Ana roho ngumu, na sisi tuliomwona akikua tunajua hakuipata kwa baba.

Mimi nauza mafuta ya taa. Majira ya baridi napita na gari langu nyumba kwa nyumba, najaza stovu za wazee, kwa hiyo hakuna nyumba bondeni humu nisiyoujua mlango wake wa uani. Kazi ya Chigusa naijua kuliko wakubwa zake, maana wao wanaisikia wakiwa wamefunga madirisha, mimi naisikia nikiwa barabarani.

Mji wetu uko ndani ya bonde jembamba, mlima huku na mlima kule. Spika za ofisi zimefungwa kwenye nguzo kuanzia stesheni mpaka kwenye nyumba za mwisho kule juu. Saa kumi na moja jioni zinapiga kengele zake nne, halafu sauti inaanza. Kesho maji yatakatwa. Mzee fulani ametoka nyumbani tangu asubuhi, amevaa koti la kijivu, mwenye habari zake apige simu. Dubu ameonekana nyuma ya shule. Miaka mitano hiyo sauti ilikuwa ya Chigusa.

Sasa kuna jambo moja ambalo mgeni halijui. Hapa kwetu ukisema neno kwenye spika, mlima unalichukua na kukurudishia. Ukikimbilia neno la pili, yanagongana hewani, na mtu aliye chini anabaki kukuna kichwa. Bosi wake, Bwana Kuwabara, alimfundisha siku ya kwanza kabisa. "Usishindane na mlima," alimwambia. "Unasema kipande, unanyamaza. Subiri mlima umalize. Halafu kipande kingine."

Basi Chigusa akazoea. Dubu ameonekana. Kimya. Nyuma ya shule. Kimya. Watoto wasitoke peke yao. Kimya. Na alipoanza kutunga nyimbo zake ndani ya kile kigari, mdomo ukaenda na mazoea yake. Anaimba mstari, ananyamaza. Kimya kitupu, hakuna gitaa wala nini. Halafu mstari unaofuata. Wasikilizaji wa mtandaoni hawakujua habari za mlima. Waliona tu kwamba yuko mwimbaji mmoja ambaye nyimbo zake zinakupa nafasi ya kupumua, wakampenda. Mmoja aliandika kwamba huwa anasafisha samaki sokoni huku akimsikiliza, na kwenye zile nafasi humkumbuka mama yake. Chigusa alinionyesha ujumbe ule, akaniuliza, "Mjomba, sasa mimi nimjibu nini mtu kama huyu?" Nikamwambia amuulize samaki ni bei gani. Alinipiga na kopo tupu la mafuta.

Jumatatu yake simu za ofisi hazikunyamaza tangu asubuhi. Bwana Kuwabara alimwita mezani kwake. Ni mtu mwembamba, anavaa sweta moja kuanzia Novemba mpaka Aprili.

"Umelipwa kwa nyimbo hizo?" aliuliza, kwa sababu mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya biashara pembeni.

"Hata yeni moja, bosi."

"Basi hujavunja sheria." Alifikiri kidogo. "Ila umelitangaza jina la ofisi bila kibali."

"Samahani sana. Ulimi uliteleza."

"Uliteleza mara mbili?"

"Ulirudia, bosi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tangazo lazima lirudiwe."

Wenzake waliinamisha vichwa kwenye karatasi zao wasije wakaonekana wanacheka. Kuwabara alijikuna shingo, akasema arudi kwenye kazi yake. Alipofika mlangoni akamwita tena, akamuuliza kwa sauti ya chini ule wimbo wa pili unaitwaje, maana mkewe anautafuta.

Wiki mbili baadaye akaja mgeni kutoka Tokyo.

Mama yake Chigusa, Sumie, ndiye kinyozi wetu. Duka lake liko mkabala na stesheni, viti viwili na stovu moja, na mtu akiingia mle hukalishwa kwanza, shida yake itaulizwa baadaye. Yule mgeni, dada mmoja wa makamo aliyevaa koti refu, aliingia akainama kwa heshima akasema anaitwa Aragaki. Kabla hajafika kwenye sentensi ya pili Sumie alikwisha mfunga kitambaa shingoni.

"Nywele za mbele zinakuingia machoni, mwanangu," Sumie alisema. "Nani alikunyoa hivi?"

"Mama, mimi nimetoka kampuni ya muziki, nilikuja kuzungumza na…"

"Zungumza tu, nakusikia. Funga macho zisikuingie."

Chigusa alipofika, ni saa ya chakula cha mchana, alimkuta mtu wa kampuni amefumba macho, nywele zimemwagika mapajani, na wazee watatu wamekaa kwenye benchi wanamtazama. Mimi nilikuwa najaza stovu, na nakiri nilikuwa naijaza polepole.

Aragaki hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu baadaye watu walimtilia chumvi nyingi. Alizijua nyimbo za Chigusa zote kwa moyo. Alitaka zirekodiwe vizuri, kwenye studio ya kweli, zitoke kama albamu, na Chigusa apande jukwaani Tokyo kwa sura yake. Ingebidi aache kazi ya ofisi. Hayo yote aliyasema akiwa bado na kitambaa shingoni.

"Liko jambo moja," akaongeza. "Yale mashimo."

"Mashimo gani?" Chigusa aliuliza.

"Pale unaponyamaza. Watu siku hizi wanasikiliza muziki kwenye treni, wamesimama. Wimbo ukinyamaza wanadhani umekwisha, wanaruka. Kampuni inataka tuyazibe. Nimekuja na mfano, tuliukata wenyewe. Sikilizeni."

Akauchezesha kwenye simu. Ulikuwa wimbo wa Chigusa kweli, ule wa barabara ya theluji, mistari imesogezwa ikakaribiana, na chini yake wametia ngoma laini. Ulipendeza. Sisemi uongo, mguu wangu ulicheza. Wazee wale watatu walitikisa vichwa wakasema naam, huu ndio muziki wa Tokyo. Chigusa alisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Mama, unaonaje?" aliuliza.

Sumie alipuliza nywele kwenye mkasi. "Mzuri," alisema. "Huyo anayeimba ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Chigusa akitoa mikono mfukoni, na nikajua limemwingia, maana mama yake hakuwa anamtania.

"Bi. Aragaki," alisema, "nitakuja Tokyo. Nimeota jambo hili tangu nikiwa shule, siwezi kujifanya silitaki. Kazi nitaacha. Lakini nyimbo zinakuja na mashimo yake. Mkiyaziba, mchukueni huyo wa kwenye simu, mimi mniache hapa."

"Chigusa, unajua wangapi wanaisubiri nafasi hii?"

"Najua. Na ninaitaka kuliko wao."

Aragaki alimtazama kwenye kioo, kwa sababu alikuwa hawezi kugeuza shingo. "Nimeyapima hayo mashimo," alisema. "Juzi, baada ya kujulikana, ulieleza mtandaoni habari za mlima, nikaelewa. Lakini mwangwi wa mlima ni mfupi. Wewe unanyamaza zaidi ya hapo, karibu mara mbili. Mlima ukishamaliza, unasubiri nini tena?"

Chigusa alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, siyo kutafuta jibu la kumridhisha mgeni. "Sijui," alisema. "Ni mazoea tu."

Treni ya Aragaki ilikuwa bado sana, na sisi hatuna pa kumpeleka mgeni siku ya baridi. Nikamwambia apande gari langu, nina nyumba za kumalizia ng'ambo ya mto, nitamrudisha stesheni kabla ya treni yake. Alipanda na koti lake zuri, akakaa kati ya makopo ya mafuta. Hakulalamika.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Tome. Bibi Tome anaishi peke yake mkabala kabisa na ofisi ya mji, mto tu ndio uko katikati. Amezika mume, na mwanawe yuko Osaka, anapiga simu akikumbuka. Masikio yake yamechoka, ukitaka akusikie lazima upige kelele mpaka mbwa wabweke. Tulimkuta ukumbini nje, anatundua kaki, matunda yake yaliyokauka kwenye kamba. Spika za ofisi zikapiga kengele nne.

"Hii ni Ofisi ya Mji wa Hinosawa," sauti ya Chigusa ilisema. Mlima ukaichukua, ukairudisha.

"Haya, nimesikia, mwanangu!" Bibi Tome alijibu kwa nguvu zake zote, bila kugeuka, mikono bado kwenye kamba.

"Kesho asubuhi, barabara ya darajani itafungwa." Mlima ukarudisha.

"Haya, nimesikia, mwanangu! Mimi siendi popote!"

"Wenye magari wapite barabara ya juu."

"Haya, nimesikia! Nenda kale, baridi kali hii!"

Aragaki alinigeukia. "Anamjibu nani?"

"Anaijibu spika," nilisema. "Kila siku. Ile ndiyo sauti pekee anayoisikia bila kupigiwa kelele, kwa hiyo hawezi kuiacha iseme peke yake."

Bibi Tome alimpa mgeni kaki mbili, akamwambia amekonda mno, ale. Tuliporudi kwenye gari Aragaki akasema, "Nimeelewa, kaka. Kweli nimeelewa. Lakini Tokyo hakuna mlima, na hakuna bibi. Akinyamaza pale mbele ya watu, nani atamrudishia? Atabaki amesimama peke yake kwenye taa. Mimi naogopa kwa niaba yake, siyo kwa niaba ya kampuni."

Nilimwashia hita ya gari.

Mwishoni walikubaliana hivi. Chigusa angepata jioni moja, ukumbi mmoja Tokyo, mwezi wa tano, aimbe atakavyo, na itarushwa moja kwa moja mtandaoni. Watu wakitulia na yale mashimo, albamu itatoka nayo. Watu wakianza kukohoa na kutoa simu mifukoni, mashimo yatazibwa na yeye hatabisha. Alitia sahihi. Sumie alimuuliza kama ana hakika, akasema anayo, na kama hana ataipata njiani.

Siku ya mwisho ya Machi alivuka daraja kwa miguu kwenda kwa Bibi Tome. Nilikuwepo, nilikuwa nachukua makopo matupu. Alipiga magoti kwenye ukingo wa ukumbi, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Bibi! Kuanzia kesho spikani sitakuwa mimi!"

"Eh?"

"Sitakuwa mimi! Naenda Tokyo kuimba!"

"Tokyo? Nani atasoma sasa?"

"Mashine!"

Bibi Tome alikunja uso. "Mashine ina mama?"

"Haina, Bibi!"

"Basi mimi siijibu."

Chigusa alicheka, halafu kilio kikamjia katikati ya kicheko, akakiacha kije. Bibi Tome alimfuta uso kwa aproni yake yenye harufu ya figili, akimwambia usilie, unalilia nini, kwani Tokyo ni mwezini? Kisha akamfungia kaki kwenye gazeti, nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Jioni ile Chigusa alisoma tangazo lake la mwisho, la siku za kutupa taka kubwa, akaliagiza bonde zima litenganishe chupa na makopo, na Bibi Tome akamjibu kila kipande.

Mashine ikaanza Aprili. Sauti yake ni nzuri, safi, haina mafua. Ila haikufundishwa na Kuwabara. Inasema mfululizo, mlima unairudishia maneno usoni, na sisi huku chini tunapata uji. Wiki ya kwanza walitangaza dubu, na nusu ya mji tulielewa kwamba dubu amefunga shule, nusu nyingine kwamba shule inamtafuta dubu. Kuwabara alijaribu kuirekebisha, akashika vitufe mpaka jasho likamtoka ndani ya lile sweta. Bibi Tome akasikia kengele nne kila jioni, akatoka ukumbini, akasikiliza, akarudi ndani bila kusema neno. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilianza kupita kwake hata msimu wa mafuta ulipokwisha, najifanya nakagua stovu.

Siku yenyewe ya onyesho la Tokyo ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Sumie hakwenda Tokyo. Alisema akienda atamtia binti yake woga, na pia ana wateja. Akafungua duka, akaweka simu ya mteja mmoja kwenye rafu ya mafuta ya nywele, akaiunganisha na kile kispika kidogo ambacho huwa kinamwimbia redio. Ofisi iliahirisha tangazo la siku ile, jambo ambalo Kuwabara aliniapia kwamba ni hitilafu ya kawaida ya mitambo. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi pamoja na mkewe, na benchi lilikuwa limejaa. Mimi nilikwenda kumchukua Bibi Tome kwa gari. Sumie alimkalisha kiti cha kwanza, karibu kabisa na kile kispika, na kwa kuwa kiti cha kinyozi hakikaliwi bure, akamfunga kitambaa akaanza kumpunguza nywele.

Taa zikawaka kwenye simu. Jukwaa lilikuwa tupu, kipaza sauti kimoja, kiti kimoja. Chigusa akaingia na gitaa lake, uso wazi, nywele nyuma ya masikio, amevaa shati jeupe alilokuwa akivaa ofisini. Watu walipiga makofi yale ya watu wanaomwona rafiki yao kwa mara ya kwanza. Alisubiri wamalize.

"Hii ni Hinosawa," alisema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na sisi pia.

"Narudia," alisema, na wakacheka tena, naye akacheka nao. Nilimwambia Kuwabara, tazama, hana hata chembe ya woga. Kuwabara akanikanyaga mguu ninyamaze.

Akaanza wimbo wa barabara ya theluji. Mstari wa kwanza ukatoka mzima, sauti ile ile tuliyoamka nayo na kulala nayo miaka mitano. Ukaisha. Mkono wake ukatulia juu ya nyuzi.

Kimya.

Tulisikiliza. Hakuna kikohozi. Hakuna kiti kilicholia, hakuna simu iliyoita, hakuna hata yule mtu ambaye lazima awepo kila mahali, mwenye kuchakarisha mfuko wa karatasi. Hakukuwa na sauti ya aina yoyote kwenye kile kispika.

"Imekatika!" mzee mmoja alipiga kelele. "Mtandao umekufa!"

"Nilisema mimi, simu hii mbovu!"

"Itikise! Sogeza kwenye dirisha!"

"Nyamazeni!" Sumie alisema. Aliinama akatazama kioo cha simu kwa karibu. "Haijakatika. Tazameni, anapumua. Wote wapo. Wametulia tu."

Nikaangalia, na kweli, Chigusa alikuwa amesimama pale kwenye taa, kifua kinapanda na kushuka taratibu, na nyuma ya taa kulikuwa na vichwa vya watu wengi mno, havitikisiki. Pembeni ya jukwaa niliona ukingo wa koti refu la Aragaki. Mlima ungekuwa umekwisha rudisha. Yeye bado alikuwa ananyamaza. Nikamkumbuka Aragaki garini mwangu, nani atamrudishia, nikataka kumpigia kelele binti wa watu aimbe, endelea, unangoja nini?

"Haya, nimesikia, mwanangu!" Bibi Tome alipaza sauti kwa nguvu zake zote, kutoka chini ya kile kitambaa, nywele zimemlalia mabegani.

Na neno lake la mwisho lilipotoka tu, Chigusa akafungua mdomo kule Tokyo, akaimba mstari wa pili.

Mstari wa pili ukaisha, mkono ukatulia, ukumbi ukanyamaza vilevile, na Bibi Tome akajibu, haya, nimesikia, na mstari wa tatu ukaingia nyuma yake pasipo hata pengo la kupitisha uzi. Mke wa Kuwabara alianza kulia. Mimi pia, kama mnataka kujua, na sioni haya.

"Kumbe ni yeye," Sumie alisema polepole. "Dirisha la ofisi linatazama ng'ambo. Miaka yote hiyo alikuwa anamsubiri amalize."

Bibi Tome hakusikia kilichosemwa. Alikuwa amekigeuzia kispika sikio lake zima, shingo imenyooka, anangoja zamu yake. Nyuma yake Sumie alisimama na shada la nywele nyeupe mkononi na mkasi umefunguka hewani. Hakuufunga, usije ukalia.